Mama Mkwe na Gia Iliyoingia Maji

Tangu nirudi sijanywa kikombe cha kahawa kwa utulivu. Nikikaa tu barazani, mmoja wenu huanza: "Athumani, kwenda Dari Salama na kurudi ni siku nne. Wewe umekaa tisa. Kulikoni?" Kabla sijafungua mdomo, mwingine hunijibia. Nimesikia kwamba nilioa mke wa pili Ilala. Nimesikia kwamba nilitiwa ndani kwa kugonga meli ya Serikali. Nimesikia hata kwamba motaboti ilizama nami nikanunua nyingine inayofanana nayo, kana kwamba motaboti huuzwa kwa mafungu kama nyanya. Basi nimeandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mniache ninywe kahawa yangu.

Kilindoni hadi Kisiju

Chanzo cha safari mnakijua. Mke wangu Mwajuma alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza, naye aliapa kwamba hatazaa mikononi mwa mtu mwingine ila mama yake. Mama yake, Bi Mwanahawa, ni mkunga, na baadhi yenu mnaosoma haya mmepita mikononi mwake mkiwa mnalia. Lakini wakati ule alikuwa Dari Salama kwa binti yake mkubwa, Zaina, anayekaa Kariakoo. Mtu wa kumfuata nikawa mimi, kwa kuwa ndimi ninayeendesha motaboti ya shamba la minazi, na Bwana Shamba, msimamizi wake, alikuwa likizoni Ulaya. Karani akaniruhusu kwa sharti moja: chombo kirudi kama kilivyoondoka.

Sasa nikiri jambo. Mnaniita fundi, nami sijawahi kuwakataza. Ukweli ni kwamba najua kuiwasha mashine, kuizima, kuitia mafuta na kuipangusa mpaka ing'ae. Lakini gia, lile sanduku la chuma nyuma ya mashine linaloipeleka rafadha, lile panga la kusukuma maji, mbele au nyuma, nilikuwa sijalifungua hata siku moja. Bwana Shamba alinionyesha mara moja tu. "Humu," alisema, "mafuta mekundu, mepesi. Si ya mashine, si mengine yoyote." Akaniachia mkebe mzima stoo.

Mkebe huo mnaujua. Mlikuja mmoja mmoja, huyu na mnyororo wa baiskeli, huyu na cherehani ya mkewe, huyu na bawaba ya mlango inayolia, nami nikawagawia kwa ule ukarimu wa mtu anayegawa kisicho chake. Mkasema ni mafuta mazuri ajabu. Siku ya kuondoka nilipoutikisa ule mkebe, haukutoa hata sauti.

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu, mimi na Makame, mtu wa kamba. Makame mnamjua. Ukimwambia lolote nje ya kufunga na kufungua, hujibu, "Mimi ni wa kamba tu," kisha hulala. Bahari ilikuwa shwari. Tulilala Kisiju, tukala wali na pono wa kukaanga kwa mama mmoja pale pwani, naye akaniuliza nakwenda kufanya nini mjini. Nikamwambia namfuata mama mkwe. Akaniongezea kipande cha samaki.

Kisiju hadi Kivukoni

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tuliingia mlango wa bandari. Meli kubwa zilikuwa zimetia nanga, pantoni ya Magogoni ilikuwa ikivuka imejaa watu, na mimi nilisimama wima penye usukani, kofia nimeiweka upande, ili watu wa Dari Salama waone jinsi mtu wa Mafia anavyoingia mjini.

Nikavuta mpini wa gia kupunguza mwendo, kisha nikausukuma tena mbele. Mashine ikanguruma. Motaboti haikwenda. Nikaongeza moto, mashine ikapiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia, na sisi tukazidi kusimama. Hapana, hatukusimama. Maji yalikuwa yakijaa, nayo yakatuchukua kwa upole, ubavu mbele, moja kwa moja hadi njia ya pantoni.

Nahodha wa pantoni akapuliza honi. Nikapunga mkono. Alidhani namsalimu, na nadhani hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"We! Toa chombo chako!"

"Hakitoki!"

"Basi kwa nini umekiwasha?"

Abiria wote wa pantoni walihamia upande mmoja kututazama, mpaka pantoni yenyewe ikainama. Tuliokolewa na Mzaramo mmoja mwenye mtumbwi aliyetufunga kamba na kutuburura hadi ufukweni karibu na soko la samaki. Makame aliifunga ile kamba vizuri sana. Ndiyo kazi pekee iliyofanyika sawasawa siku ile.

Nikafunua kifuniko, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia. Mafuta mekundu hayakuwapo. Kulikuwa na kitu cha waridi, kizito, chenye povu, mfano wa maziwa yaliyotiwa sharubati. Wavuvi wawili waliokuwa wakiparua samaki wakaja kuchungulia.

"Hayo ndiyo mafuta?" mmoja akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ya namna mpya."

Nikajaza kiasi kwenye chupa ya soda ili nipate kumwonyesha mtu anayejua. Mimi mwenyewe sikujua lolote, ila nilijua kuhesabu: Mwajuma aliniambia mwezi wa kujifungua, na kwa hesabu yangu zilibaki siku kama saba.

Kivukoni hadi Kariakoo

Jumatano asubuhi nilishika njia kwa miguu, chupa mkononi. Kila niliyemwuliza alinijibu neno moja: Kariakoo. Dari Salama ukitafuta sindano, Kariakoo; ukitafuta ndoo, Kariakoo; nadhani hata ukipoteza imani watakuelekeza kulekule. Nikapita Posta, penye makarani waliovaa kaptula nyeupe na kutembea kama wanaofukuzwa, nikakata Mnazi Mmoja, nikaingia.

Soko lilikuwa limefurika. Nikapita kwenye mihogo, nikapita kwenye papa mkavu, nikaanza kuuliza mafuta ya gia. Wa kwanza alinipa mafuta ya nazi. Wa pili alinipa ya ufuta. Nikaona afadhali niwe wazi zaidi, nikasema kwa sauti, "Natafuta mafuta mekundu!"

Hapo watu watatu kwa pamoja walinyoosha vidole. Mmoja alinishika mkono kabisa akanipeleka kwa mama mmoja wa Kimanyema, mnene, mwenye uso mwema, aliyezungukwa na chupa nyekundu zinazong'aa juani. Moyo wangu ukatulia. Rangi ilikuwa ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nataka mafuta ya gia."

"Ya nani?"

"Ya gia."

Akainamisha kichwa. "Gia ndiye mkeo?"

Soko lina kelele, nami nilisikia nusu tu. Nikamjibu, "Yuko pwani. Hawezi kutembea tangu jana."

"Maskini! Anasikia nini?"

"Ameingia maji."

"Maji? Miguu imevimba?"

Nikafikiri hili ni neno la kifundi la Kariakoo. Nikamwambia miguu sijui, lakini ndani kumekuwa kama maziwa, na ukimsukuma ananguruma tu. Yule mama akashika kifua. Wanawake wa jirani wakaacha biashara zao wakasogea.

"Na mtoto je?"

Kwa kuwa mawazo yangu yote yalikuwa kwa Mwajuma, nikajibu, "Mtoto bado. Siku saba."

Basi walinishughulikia! Mmoja alisema apewe uji wa mtama. Mwingine alisema asilalie upande wa kushoto. Yule mama akanijazia chupa ya mafuta akaniagiza nimkande nayo tumbo asubuhi na jioni, na kijiko kimoja anywe. Nilipofungua kizibo nikanusa, nikajua. Yalikuwa mawese, ya kupikia, yaliyosafiri kwa gari moshi kutoka Kigoma. Nilitaka kueleza, lakini wanawake sita walikuwa wakimwombea Gia apone, na mimi si mtu wa kukatiza dua. Nikaitikia amina, nikachukua chupa, nikaondoka.

Mtaa wa Sikukuu

Zaina alinipokea kwa furaha. Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini juu ya sanduku lake, buibui limefungwa, mwavuli mapajani. Alikuwa amejiandaa tangu Jumanne.

Kwa wale wenu ambao hamjaoa nieleze kidogo. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na mbele yake huli. Mimi na Bi Mwanahawa tulikuwa tumeishi kwa amani miaka miwili kwa sababu hiyo. Kila nilichojua juu ya uso wake nilikisikia kwa mke wangu.

"Shikamoo, Mama," niliiambia sakafu.

"Marahaba, mwanangu. Chombo kiko tayari?"

Nikasema kiko karibu kuwa tayari. Zaina akaleta ubwabwa, kisamvu na kuku. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu Kisiju. Nikasema nimeshiba. Zaina, kwa kunihurumia, akachukua glasi akamimina kinywaji kutoka kwenye chupa aliyoikuta mlangoni, cha waridi, chenye povu, akampelekea mama yake kwanza, kama adabu inavyotaka.

Nilipiga ukelele. Sikumbuki nilisema nini, Zaina anasema nilisema "Gia!" Mama mkwe alikuwa ameishainua glasi. Akainusa, akaiweka chini polepole.

"Mkwe wangu," akasema, "hii ni nini?"

Ndipo nilipoeleza, nusu. Nikasema gia imechafuka kidogo, kazi ya saa moja kwa fundi kama mimi, ni mafuta tu yamekosekana. Nikaonyesha ile chupa nyingine kama ushahidi wa juhudi zangu. Akaitazama.

"Haya ni ya maharage."

Akasimama, akachukua mwavuli wake. "Mimi nitakwenda nawe. Mwanangu ana mimba, siwezi kungoja hapa mpaka umalize soko lote."

Gerezani

Tangu hapo safari yangu ilikuwa na kiongozi. Alitembea mbele, mwavuli juu, nami nyuma na chupa zangu mbili. Alhamisi tulifika Gerezani kwa fundi mmoja Kalasinga, mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu, aliyekuwa amelala chini ya basi; tulizungumza na miguu yake kwa muda mrefu kabla hajatoka.

Akapokea chupa ya waridi, akaiinua juani. Hakuuliza swali hata moja.

"Bahari imeingia," akasema. "Kuna bomba dogo la shaba linalopoza mafuta kwa maji ya chumvi. Limetoboka. Mafuta na maji yamekuwa uji. Lete bomba."

Nikarudi Kivukoni kulifungua. Lilikuwa na tundu la ukubwa wa jicho la panzi. Nilipolirudisha, alikuwa amerudi chini ya basi, na miguu yake ikasema njoo kesho. Ijumaa tulipokwenda alikuwa amelichomea, safi, lakini hakutuachia bila somo.

"Usitie mafuta mapya mara moja ukaondoka. Nyonya uchafu wote, tia mafuta, endesha mashine, nyonya tena. Tia, endesha, nyonya. Mara ya tatu yatabaki mekundu. Ukiwa na haraka, utapata haraka yako katikati ya bahari."

Akaniazima na pampu ya mkono ya kunyonyea. Nikamwuliza mafuta yenyewe yako wapi. Akacheka. Mafuta yale, alisema, hutumika kwenye magari ya Kimarekani yanayojibadilishia gia yenyewe, na mjini liko moja, Upanga, kwa Bwana Ratilali, mfanyabiashara wa vitambaa. "Nenda ukamwambie unatafuta mafuta ya gia. Atafurahi sana kukuona," akasema. Sikuelewa alichokuwa akichekea.

Upanga

Jumamosi asubuhi tulilipata lile gari kabla ya nyumba. Lilikuwa refu kama jahazi, la rangi ya maziwa na buluu, limeegeshwa chini ya kivuli cha turubai. Mtu mmoja wa makamo, Mchagga, amevaa sare iliyopigwa pasi, alikuwa akilifuta vumbi. Jina lake Eliakimu, dereva.

"Gari zuri," nikasema.

"Zuri. Lina miezi minne halijatoka hapa. Nimeajiriwa kuendesha, lakini ninachoendesha ni kitambaa hiki." Akakikunja kwa makini. "Ninyi mwatafuta nani?"

Nikavuta pumzi, nikajisahau, nikatamka maneno yaliyokuwa mdomoni mwangu miaka yote: "Mimi ni fundi. Nimekuja kwa ajili ya mafuta mekundu ya gia."

Eliakimu alidondosha kitambaa. "Fundi wa gia! Kutoka Nairobi!" Kabla sijamrekebisha alikuwa ameishaingia ndani akikimbia. "Bwana! Fundi amefika! Amekuja na mama yake!"

Nyumba nzima ikatoka. Bwana Ratilali mwenyewe, mfupi, mwenye miwani, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mkewe akaleta kiti kwa mama mkwe. Jirani wakasogea. Walikuwa wamemngoja fundi huyo wa Nairobi tangu mwezi uliopita. Turubai likaondolewa. Mtu akatandika gunia chini ya gari, nami, naapa kwamba sikumbuki kuamua, nikajikuta nimelala chali juu ya gunia natazama tumbo la gari la Kimarekani.

Nililala pale muda mrefu. Kulikuwa na vyuma vingi, na vyote vilikuwa vimefungwa. Kwa pembeni niliona viatu vya watu: viatu vya Bwana Ratilali, buti za Eliakimu, na ndala za mama mkwe, zimetulia tuli. Nikafikiri: nikigusa boliti moja nitaipotezea nyumba hii gari, nisipogusa, nitaulizwa. Nikafikiri pia kuhusu Mwajuma, na zile siku saba ambazo sasa zilikuwa tatu. Nikatoka.

"Bwana," nikasema, "mimi si fundi wa Nairobi. Si fundi wa mahali popote. Naendesha motaboti ya watu huko Mafia. Gia yake imeingia maji, mafuta yake niliyagawa kwenye baiskeli za rafiki zangu, mke wangu anakaribia kuzaa, na huyu ni mama yake. Si mama yangu."

Eliakimu aliokota kitambaa chake akaanza kukikunja tena, ingawa kilikuwa kimekunjwa. Sikuthubutu kugeuka upande wa kile kiti.

Bwana Ratilali akavua miwani, akaifuta. "Watatu wamekuja kabla yako," akasema. "Wa kwanza alisema anajua, akavunja kitu. Wa pili alisema anajua kilichovunjwa na wa kwanza. Wa tatu tumebaki na spana zake." Akavaa miwani. "Wewe umelala pale nusu saa na hukugusa kitu. Mafuta nitakupa. Lakini tafadhali, simama mbali kidogo na gari."

Alikuwa na boksi zima lililokuja na gari, makopo kumi na mawili, na hayakuwa na kazi. Akatupa manane. Mkewe naye akaleta sinia: chapati, dengu, viazi vya kukaanga, achari ya embe. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala chakula cha maana siku nne, maana kila nilipokaa kula, mama mkwe alikuwapo.

"Athumani," mama mkwe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Kula."

"Mama, mbele yako…"

"Mtoto wa kwanza niliyempokea, sikujua ninalofanya. Niliwaambia wote najua. Mungu alisaidia, lakini mpaka leo nikimwona yule mtu mzima anapita na ndevu zake, mimi hubadili njia. Kula, mwanangu. Nitatazama kule."

Akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Nikala chapati sita.

Kivukoni tena

Jumapili Eliakimu aliomba ruhusa aje nasi, kwa sababu, alisema, tangu azaliwe hajaona gia ikifunguliwa bila kilio. Alikuja amevaa nguo za kanisani, akisukuma makopo kwenye mkokoteni. Alikuwa amesoma misheni huko Moshi, na Kiingereza kilichoandikwa kwenye kopo kilimlainikia mdomoni.

"Imeandikwa hivi: upime mashine ikiwa moto."

"Moto kiasi gani?"

Akaligeuza kopo. "Hawakusema."

Nikafunga bomba la shaba lililochomewa. Tukaingiza mpira wa pampu kwenye tundu la kijiti, tukanyonya ule uji wa waridi mpaka pampu ikatoa hewa. Tukatia makopo mawili na nusu. Nikawasha, nikausukuma mpini mbele, nikauvuta nyuma, Makame akizishika kamba zetu mbili zisikatike. Motaboti ikajikunyata, ikavuta. Nilitaka kupiga kelele za furaha.

"Zima, nyonya," akasema mama mkwe kutoka chini ya mwavuli.

Yalitoka ya waridi. Tukarudia. Mara ya pili yalikuwa mekundu, au karibu na mekundu. Nikachomoa kijiti, nikasema yametosha, makopo matatu yamebaki, jua linakwenda, tukiondoka sasa hivi tutalala njiani na kufika kesho.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikampa kijiti. Akakifuta kwenye leso yake nyeupe, akaitandaza juani, akaitazama kama anavyotazama mambo ambayo mimi sitakiwi kuyaona. Katikati ya doa jekundu palikuwa na kiduara hafifu, cheupecheupe.

"Bado ina maziwa," akasema.

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo ndicho kinachoua."

Eliakimu na Makame wakanitazama. Nilikuwa na hoja zangu zote tayari: siku, bahari, mke. Kisha nikaona kwamba yule aliyekuwa na haraka kuliko mimi, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa akimngoja, ndiye aliyekuwa akikataa kuondoka. Nikachukua pampu.

Mara ya tatu leso ilitoka nyekundu tupu. Eliakimu akapewa nusu kopo iliyosalia aipeleke nyumbani kwa bwana wake, akaagana nasi akiwa na doa kwenye suruali ya kanisani, akasema mkewe hataliamini neno lolote la habari hii.

Kivukoni hadi nyumbani

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Gia ilishika kama mkono wa mtoto unavyoshika kidole. Tulipopishana na pantoni, nahodha wake alinitambua, akapunguza mwendo kwa hofu. Njia nzima mama mkwe alikaa mbele, kimya, akitasbihi. Tulipolala Kisiju aliniuliza jambo moja tu, kama Mwajuma anakula vizuri. Na nilipojibu ndiyo, akauliza tena.

Jumanne alasiri Kilindoni ikaonekana. Nilisimama nikitazama ufuo kutafuta mtu anayelia, mtu anayekimbia, mtu yeyote wa kunipa habari. Nikamwona mwanamke amesimama peke yake majini hadi magotini, kapu la mihogo kichwani, akitupungia mkono. Alikuwa Mwajuma.

Mama yake hakungoja ngazi. Alishuka na buibui lake ndani ya maji, akamshika bega, akaweka kiganja tumboni, akafumba macho. Kisha akanigeukia.

"Mwezi gani alikuambia?"

"Mfungo Tano, Mama."

"Nilimwambia Mfungo Sita," Mwajuma akasema. "Alikuwa anapangusa mashine. Nilimwambia mara mbili."

Basi hiyo ndiyo habari ya siku tisa. Mama mkwe alikaa kwangu wiki tano akingoja. Kwa wiki tano nilikula jikoni, nikatembea nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikapata kuvifahamu vizuri sana. Kisha, asubuhi moja ya mvua, nikiwa nimeketi barazani sina kazi, alitoka chumbani, mikono imelowa hadi viwikoni, akanikabidhi kifurushi cha kanga. "Mtoto wa kike," akasema. "Wote wazima." Nami sikumtazama, kwa heshima.

Nikafunua kanga. Mwenyezi Mungu ni mwingi wa ajabu. Pua, kidevu, hata ile mikunjo ya kutoamini juu ya nyusi. Mke wangu alikuwa amenieleza uso huo wa mama yake mara nyingi, nami nikautambua mara moja. Mtoto akafumbua macho akanikazia. Nikamwamkia, nikatazama chini.